Rejeta ya Gari Jekundu la Mjomba wa Padri

Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Mimi niliufuata miezi michache baadaye, nikafunga gereji yangu ya Rulenge, nikagawa spana kwa waliozistahili na nyundo kwa waliobaki. Sasa nina muda wa kuwaandikia ninyi mnaolala chini ya magari. Sitaandika juu ya kila kitu. Nitaandika juu ya rejeta, kwa sababu katika wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo, sijakutana na mtu asiyejiona mtaalamu wa rejeta. Injini watu wanaiogopa. Gia wanamwachia fundi. Lakini rejeta ina maji, na kila aliyewahi kubeba ndoo anaamini kwamba hapo ana la kusema.

Nimetoa ndani ya rejeta za wateja unga wa muhogo, pilipili, majani ya chai, na mara moja vipande vya yai vilivyokuwa vimeiva vizuri kabisa. Mwenye yai alikuwa mwalimu wa sayansi. Alinieleza kwamba yai likimiminwa ndani hulitafuta tundu lenyewe na kuliziba. Nikamwuliza linatofautishaje tundu linalovuja na tundu la kupitishia maji. Akasema hilo sasa ni swali la kiufundi.

Mimi sikusoma chuo. Nilijifunza kwa Mzee Ramadhani, fundi wa rejeta wa Biharamulo, na kwa kitabu kimoja cha Kiingereza kisichokuwa na jalada wala sura ya breki. Kwa hiyo miaka yangu ya mwanzo nilijua kila kitu isipokuwa kusimamisha gari. Mzee Ramadhani hakusoma kitabu chochote cha magari, na alikuwa akikitazama changu kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemwamini. Lakini alikuwa na kiganja. Gari likija linachemsha, aliliacha lipate moto, akazima injini, akachomoa waya wa feni, kisha akapitisha kiganja polepole mbele ya rejeta, toka juu hadi chini. Palipokuwa pa baridi, hapo njia zimeziba. Hakuwahi kukosea. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza nilisahau kuchomoa waya. Feni za umeme huamka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na kucha ya kidole changu cha kati haijawahi kuota sawasawa tangu siku hiyo. Chomoeni waya.

Enzi zake rejeta zilikuwa za shaba. Ikitoboka unaisafisha, unaipasha moto, unaipaka risasi iliyoyeyushwa, inarudi barabarani. Za leo katikati ni alumini, na juu na chini ni matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya bati. Plastiki ikizeeka inapasuka, na ikishapasuka haina daktari. Kuna gundi zinazouzwa madukani zenye picha ya moto na tai kwenye kopo. Tai yule ndiye pekee niliyemwona akifaidika.

Na hilo ndilo lililompata Bwana Sostenes.

Bwana Sostenes alikuwa karani wa mizigo Dar es Salaam. Alipostaafu akarudi nyumbani Rulenge na gari la mbio: jekundu, milango miwili, la Kijapani, lenye umri wa kuwazidi wengi mnaosoma hapa, na la chini kiasi kwamba kuku walikuwa wanaliangalia kwa dharau. Barabara zetu mnazijua. Nilimwuliza ni kitu gani hasa kilimshawishi.

"Fundi, nililiona kwenye kalenda nikiwa na miaka ishirini na mbili," alisema. "Nikasema, hili nitalipata."

"Kwenye kalenda lilikuwa limesimama wapi?"

"Kwenye lami, kando ya bahari."

"Basi ungenunua na bahari."

Hakucheka. Gari lilikuwa limeletwa likivutwa kwa kamba na trekta la misheni, na tangi la juu la rejeta lilikuwa na ufa wa urefu wa kalamu. Nilipofungua zaidi nikakuta jambo baya kuliko ufa. Injini ilikuwa imeshachemsha huko nyuma, na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imeshasagwa uso mara mbili ili inyooke. Kupimwa, ikaonekana imebaki unene wa mwisho. Ikichemsha tena ikapinda, hakuna kusaga. Injini ya namna ile huku kwetu haipo, na Dar waliojibu simu walicheka kwanza.

Nikamwambia Bwana Sostenes kama ilivyo: "Injini hii ina uhai mmoja. Gari likichemsha tena, liweke uani ufugie kuku."

Akakaa kwenye tairi bovu. Ndipo aliponieleza kilichomsumbua. Mtoto wa dada yake mkubwa alikuwa anapewa upadri, na Jumapili ya pili angekwenda nyumbani Murusagamba kuadhimisha misa yake ya kwanza. Bwana Sostenes alikuwa amemwahidi dada yake, Mama Evodia, mbele ya ukoo mzima, kwamba kijana ataingia nyumbani ndani ya gari la mjomba wake. Mama Evodia ni mjane aliyemlea mtoto huyo kwa maharage na ndizi, na kwa miaka yote ya seminari alikuwa anamsikia mdogo wake akiahidi mambo kutoka Dar. Hili ndilo lilikuwa la kwanza kukaribia kutimia.

"Nikishindwa hili, fundi, sina uso wa kurudi kwa dada."

Kwa hiyo nilikuwa na wiki mbili za kupata rejeta, na sikuwa na nafasi ya kukosea.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo vijana wengi mnapotea. Mnachukua rejeta ya zamani mkononi, mnakwenda nayo dukani, mnaiweka juu ya ile mpya, mkiona zinalingana mnashangilia. Mimi nilikuwa na daftari lenye maswali kumi na manne. Upana, urefu, na unene wa ile sehemu ya katikati. Mdomo wa maji ya moto uko upande gani, na wa maji yaliyopoa uko upande gani. Mifuniko nayo: ukiweka mfuniko dhaifu maji yanachemka mapema, ukiweka mgumu kupita kiasi unapasua mabomba yaliyokuwa mazima. Sikio la kufungia feni liko wapi. Na kadhalika. Wenzangu walikuwa wananiita Karani. Niliona ni sifa.

Mpwa mwingine wa Bwana Sostenes, yule anayejua kila kitu kwa simu, alishaagiza rejeta mpya kabla hata sijamaliza kupima. Ikaja kwenye boksi zuri. Nilipoitoa nikaihisi nyepesi. Nikahesabu njia za maji, zilikuwa chache kuliko za ile iliyopasuka, na mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupoozea, yalikuwa yameachana kama meno ya mtoto. Lakini kosa kubwa lilikuwa chini. Gari lile ni otomatiki, na kwenye otomatiki mafuta ya gia nayo hupita ndani ya tangi la rejeta ili yapoe. Lazima pawepo midomo miwili midogo kwa ajili yake. Hii haikuwa nayo.

Mpwa akasema, "Si unaunganisha tu yale mabomba mawili kwa mpira, mafuta yanazunguka yenyewe?"

Ningemcheka vizuri zaidi kama mimi mwenyewe nisingekuwa nimewahi kufanya hivyo hivyo. Mteja alikuwa mganga wa zahanati, mtu mpole. Niliunganisha, nikafunga, nikamwambia aende salama. Alikwenda salama hadi mlima wa kwanza. Gia zilipikwa zikawa nyeusi kama masizi. Alirudi kwa miguu, akanisalimia, akakaa. Afadhali angenitukana. Swali la tisa kwenye daftari langu liliandikwa jioni ile.

Rejeta ya simu ikarudi kwenye boksi lake.

Kisha nikaenda Bisibo kwa Masanja. Masanja ni Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe, akauza ng'ombe, akanunua lori, na tangu hapo anaamini kwamba kila tatizo la dunia linatibika kwa kitu cha lori. Uani kwake mna rejeta nyingi kuliko migomba. Alinipokea kwa kelele.

"Karani! Umekuja kunipima na mimi?"

Nikamweleza. Akaenda nyuma, akarudi amebeba rejeta ya lori, ya shaba, nzito, nene kama godoro.

"Weka hii, bhabha. Lejeta ya wanaume. Gari lako litatetemeka kwa baridi."

"Masanja, hii ni ndefu kuliko boneti."

"Kata boneti."

"Na mabomba?"

"Chomelea."

"Na feni? Unene huu, feni yangu ndogo itavutaje hewa ipite?"

"Feni!" Akageuka kuwatazama wateja wake kana kwamba nimetukana. "Ninyi wala ndizi mna mambo. Gari la mbio linataka feni ya nini? Likikimbia upepo si unaingia wenyewe?"

Nawaomba mkumbuke vitu viwili juu ya Masanja. Kuhusu unene alikosea: rejeta nene isiyopitisha hewa ni tangi la maji ya moto tu, na kuikata boneti ili uiingize ni ushamba. Kuhusu upepo alisema kweli, ila mimi nilikuwa nashughulika kumcheka, sikumsikiliza hadi mwisho wa alichokuwa anasema.

Nilichokitaka nilikipata uani kwake mwenyewe, chini ya rundo, ndani ya gari la familia lililogongwa ubavuni. Hilo nalo lilikuwa la Kijapani, la kubebea watoto na magunia, lisilotamaniwa na mtu yeyote wala kuwekwa kwenye kalenda. Lakini kiwanda kilikuwa kimeliwekea injini ileile, ingawa yenyewe ilikuwa imeshang'olewa na kuuzwa zamani. Rejeta yake ilikuwa pana kidogo zaidi, unene uleule, midomo upande uleule, na ile midomo miwili ya mafuta ipo. Feni zake mbili zilikuwa zimekaa ndani ya kava lao. Kava ni lile boksi la plastiki linaloizunguka feni ili hewa yote ipite ndani ya rejeta isikwepe pembeni. Mafundi wengi hulitupa kwa sababu linawazuia kuingiza mkono. Ukimwona fundi ametupa kava, angalia ametupa na nini kingine.

Masanja aliniangalia nikipima kwa utepe, nikiandika.

"Kwa hiyo gari la mbio linavaa lejeta ya gari la magunia."

"Ndiyo."

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua linapoa. Inatosha."

Nikaiziba midomo, nikaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, nikaizamisha kwenye pipa la maji. Hakuna povu hata moja. Nikamimina maji juu, yakatoka chini kwa kishindo, maana yake njia ziko wazi. Nilisogeza kishikizo kimoja kwa upana wa vidole viwili, na boneti ikafunga bila kukatwa. Nikabadilisha mipira yote, nikaweka mfuniko sahihi na maji ya rangi yenye dawa, si ya mtoni. Kisha tukalipeleka gari kwenye lami ya malori, mimi na Bwana Sostenes, akalikimbiza kama mtu aliyesubiri tangu kalenda ile. Mshale wa joto ulisimama chini ya nusu, haukutikisika. Alipiga honi bila sababu. Mimi nilifunga daftari.

Nilikuwa nimejibu maswali yote kumi na manne. Na hakuna hata moja lililouliza gari hili linakwenda kufanya nini.

Mnazijua sherehe zetu za kumpokea padri mpya, lakini nitazieleza kwa ajili ya wa mbali. Padri haingii hivi hivi tu. Kuanzia sokoni hadi kanisani watu wanatangulia mbele ya gari, wanacheza, wanatandika kanga na vitenge chini, wanarudi nyuma hatua moja kwa kila hatua mbili wanazokwenda. Kwaya inaimba, ngoma inapigwa, na gari linafuata kwa mwendo wa kinyonga. Murusagamba kutoka sokoni hadi kanisani ni mlima. Mwendo ule hauna upepo wowote unaoingia mbele ya gari. Rejeta inategemea feni tu.

Feni zilikuwepo, na kava lilikuwepo. Kwa hesabu zangu tungefika. Lakini tulipofika sokoni tulikuta kamati ya mapambo. Kabla sijashuka kwenye pikapu niliyokuja nayo, walikuwa wameshafunga migomba miwili kwenye vioo vya pembeni, maua kwenye boneti, na mbele ya gari, kutoka taa hadi taa, kitenge kipya chenye picha ya kalisi, kikombe cha misa, kimevutwa kikakaza vizuri kama shuka ya hospitali. Juu ya matundu yote ya hewa.

Nikaanza kukifungua. Mwenyekiti wa kamati akanishika mkono.

"Wewe, acha! Hicho amekifunga mama mzazi kwa mkono wake."

Mama Evodia alikuwa amesimama pale. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Mungu akubariki. Kitenge hicho nimekitunza tangu siku alipoingia seminari."

Vijana, kuna sura ya kitabu inayoeleza jinsi hewa inavyopita kwenye rejeta. Nawaambieni haina hata mstari mmoja wa kumwambia mama wa namna hiyo. Nikasema kimependeza.

Ngoma ikaanza. Bwana Sostenes alikuwa kwenye usukani amevaa suti. Padri, kijana mwembamba, alikaa kando yake amevaa kanzu na mavazi yake yote mazito ya misa, na kamati ilikuwa imeshauri vioo viwe juu kwa ajili ya vumbi. Mimi nilitembea kando ya dirisha la dereva. Hatukwenda mbali. Kioo kikashuka kidogo.

"Fundi," Bwana Sostenes alinong'ona bila kuacha kutabasamu kwa watu, "mshale umeanza kupanda."

"Umefika wapi?"

"Umepita nusu."

Nikatazama mbele. Feni zilikuwa zinavuta kwa nguvu zake zote, na kilichokuwa kinavutwa ni kitenge. Kalisi ilikuwa imenyonywa ikaingia ndani ya matundu.

"Tuzime, tulisukume," nikasema.

"Padri asukumwe kama mkokoteni? Mbele ya dada yangu?"

"Basi nikikate kitenge."

Tulimtazama Mama Evodia. Alikuwa mbele kabisa, anacheza kinyumenyume, macho yake hayatoki kwenye gari. Miguu ilikuwa inamsumbua, kila mtu alijua, lakini siku ile haikuonekana.

"Robo imebaki kufika nyekundu, fundi," akasema Bwana Sostenes, na tabasamu likaisha. "Dada yangu, au injini?"

Hapo nikakumbuka kwamba gari lina rejeta nyingine. Ndogo, imejificha nyuma ya dashibodi: ni hita. Maji yaleyale ya moto ya injini hupita humo, na pangaboi hupuliza joto kwenye miguu na nyuso za waliokaa ndani. Mafundi wengi huku huikata, wakisema baridi yetu haihitaji hita. Mimi sikuikata, kwa sababu sikati kitu ambacho sijakielewa.

"Washa hita. Joto lote, upepo wote. Shusha vioo."

"Hita? Sasa hivi?"

"Joto la injini lazima litoke. Mbele limefungwa. Litatokea kwenu."

Akawasha. Niliona mavazi ya padri yakiinuka kwa upepo ule. Akageuka kuniangalia.

"Fundi, kuna kitu kinaungua?"

"Hapana, Padri. Ndiyo tunazuia kisiungue. Naomba uvumilie hadi kanisani."

"Ni mbali?"

"Kwa mwendo huu, Padri, ni mbali."

Hakuuliza tena. Seminari inafundisha utii kweli. Jasho lilianza kwenye paji la uso, likashuka kwenye mashavu, likadondoka kidevuni, na kwa kuwa mkono mmoja alikuwa anabariki watu na mwingine ameshika msalaba, hakuwa na wa kujifutia. Bwana Sostenes suti ilikuwa imemganda. Mshale ulisimama. Kisha ukarudi nyuma unene wa kucha. Ukakaa hapo.

Mbele, mtu akapiga kelele, "Padri analia!" Vigelegele vikapanda mara mbili. Wanawake wakaanza kulia nao. Kwaya ikarudia wimbo kutoka mwanzo, na mwendo, kwa furaha ile, ukapungua zaidi.

Tulifika. Injini haikuchemsha. Nilikaa chini kwenye majani nyuma ya kanisa, sikusikia misa yote.

Baada ya misa Masanja alinitafuta. Alikuwa ameileta kwaya kutoka Rulenge kwa lori lake, na alikuwa ameona kila kitu akiwa juu ya kebini.

"Karani! Lejeta ya magunia imemchemsha padri badala ya injini!"

"Rejeta ni nzima. Tatizo ni kitenge."

"Mimi nilikwambia likikimbia upepo unaingia wenyewe. Ulikuwa hujauliza kama litakimbia?"

Akaenda kulirudia swali hilo kwa kila meza ya wali. Nanyi mkitaka kuniita mjinga kwa hilo, ruksa. Ila mteja wenu ajaye mwulizeni kabla ya kupima chochote: gari hili litabeba nini, litakwenda wapi, na nani atakuwa mbele yake.

Mama Evodia naye alikuja, ameshika kitenge chake mkononi, kimekunjamana katikati na kina alama nyeusi za matundu. Nilijiandaa kuomba radhi.

"Ulimwona mwanangu alivyolia?" akaniuliza.

Nilimtazama vizuri. Hakuwa ananitania.

"Nilimwona, mama."

"Tangu akiwa mtoto hajawahi kulia mbele za watu. Hata tulipomzika baba yake."

Akakikunja kitenge taratibu, akakiweka kwapani, akaenda kukaa na wenzake.

Padri nilimkuta kwenye foleni ya kunawa. Tulisalimiana, Tumsifu Yesu Kristu, Milele Amina. Alikuwa amebadilisha kanzu, lakini nywele zilikuwa bado zimelowa.

"Fundi, mjomba anasema jioni atanirudisha Rulenge."

"Ndiyo, Padri. Usiwe na wasiwasi. Kitenge kimeshatolewa, barabara inateremka, rejeta nimeikagua mwenyewe. Haina tatizo lolote."

Alinawa mikono yote miwili polepole, akajifuta, akaangalia kama mjomba wake yuko karibu.

"Sijauliza habari za rejeta," akasema. "Nilitaka kujua lori la kwaya linaondoka saa ngapi."